Tom Mboya: Asiye na shahada aliyewatafutia wengine vyuo

WAZAZI wa Kaunti ya Uasin Gishu walipoandamana mjini Eldoret mwaka wa 2023, wakidai karo walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada, haikuwa mara ya kwanza kwa Wakenya kuuza ng'ombe ili mtoto apande ndege. Katika sehemu kama Burnt Forest, ambako mali ya jamaa ni maziwa, mahindi na viazi, fedha za namna hiyo hazipatikani mara mbili. Ndiyo sababu inafaa kumkumbuka mtu aliyeomba michango ya aina hiyo zaidi ya miaka 60 iliyopita, naye akawafikisha vijana vyuoni.

Marehemu Thomas Joseph Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, mzaliwa wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara. Alisoma Kabaa, Yala na hatimaye Mangu, lakini karo ikamshinda na masomo yakakatika. Akaingia chuo cha Jeanes, Kabete, akatoka akiwa bwana afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Kutoka hapo aligeukia vyama vya wafanyakazi, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao.

Mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, kuanzia 1955, ndio uliokuwa masomo yake ya juu. Shahada ya kusomea hakuipata kamwe. Ile ya heshima alitunukiwa na Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, mwaka wa 1959.

Wakati huo vijana wa Kenya waliofaulu mitihani walikuwa wengi kuliko nafasi za Makerere. Vyuo kadhaa vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea bila kuwatoza karo, lakini nauli ilikuwa kikwazo. Mboya alikuwa amefahamiana na mfanyabiashara William Scheinman katika ziara yake ya 1956, na Scheinman akaanza kuwalipia nauli wanafunzi wachache kutoka mfukoni mwake. Mboya akaona kwamba ndege moja ya kukodi ingebeba wengi kwa gharama nafuu.

Aprili 1959 alirejea Marekani, akahutubu takriban mara 100 katika majuma matano hivi. Alikuwa na umri wa miaka 28, mtanashati, mwenye Kiingereza kilichonyooka, na alikuwa ametoka kuongoza mkutano wa mataifa ya Afrika mjini Accra. Alijua kwamba sura yake ilikuwa sehemu ya ombi lenyewe. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani michango. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walitua New York.

Huku nyumbani Mboya, Dkt Julius Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri walipitia majina ya waombaji. Mwanafunzi alitakiwa kwanza awe na nafasi katika chuo kinachojulikana. Nauli ndiyo iliyotafutwa baadaye. Vijiji vilichanga, karamu za chai zikaandaliwa. Mpango haukukosa dosari: wengine walifika Marekani na vijisenti tu, wakalazimika kuosha vyombo ili wapate chakula. Nayo serikali ya kikoloni ilidai kwamba baadhi ya vyuo hivyo vilikuwa hafifu. Madai hayo hayakuwa ya bure kabisa, ingawa yalitoka kwa walioacha milango ya elimu imefungwa.

Mwaka wa 1960 wanafunzi waliongezeka, lakini Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikakataa kugharimia ndege. Julai 26 Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, aliyekuwa akiwania urais, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Wizara ile ile ikabadili msimamo ghafla, kwa juhudi za upande wa Richard Nixon. Basi nauli ya watoto wa Kenya ikawa suala la kampeni za Wamarekani. Miongoni mwa walionufaika mwaka huo alikuwa Wangari Muta, baadaye Profesa Wangari Maathai, aliyepelekwa chuo kimoja cha Kansas na kushinda Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004.

Fedha hizo zilimletea Mboya marafiki na lawama kwa pamoja. Mahasimu wake walimwita kibaraka wa Marekani, huku Jaramogi Oginga Odinga akiwatafutia vijana wengine nafasi katika nchi za kikomunisti. Lawama hiyo ilimwandama hadi serikalini, alikokuwa waziri wa leba, kisha wa sheria, na hatimaye wa mipango ya uchumi.

Hadi mpango ulipokoma 1963, wanafunzi wapatao 800 walikuwa wamesafirishwa, baadhi yao kutoka nchi jirani. Waliporudi walishika nyadhifa zilizoachwa na Waingereza wizarani, na wengine wakawa wahadhiri.

Mboya aliwaona wengi wao wakirejea. Jumamosi, Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa, barabara ambayo sasa ni Moi Avenue, Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga.