Edward Bullard, aliyepima joto la mwamba

Mkaazi wa Kensington, mtaa wa vilima ulio mashariki mwa Johannesburg, hahitaji kuchimba sana kabla ya kugonga jiwe. Ni kwazaiti, mchanga wa kale uliogandamizwa ukawa mwamba mgumu. Tabaka za mwamba huo huinama kuelekea kusini, na huko ndiko migodi ya dhahabu ilikozifuata kwa kilomita kadhaa.

Kadiri migodi ilivyozama, ndivyo mawe yalivyozidi kuwa na moto. Katika miaka ya 1920 wachimbaji walianza kufa kwa joto chini ya ardhi. Wengi wa waliofanya kazi humo walikuwa Waafrika, miongoni mwao wakiwamo waliosajiliwa Msumbiji, Nyasaland na baadaye Tanganyika, kupitia shirika ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Wenela.

Mwingereza Edward Bullard alikuwa na swali lililo jirani na hilo: dunia hupoteza joto kiasi gani?

Alizaliwa Norwich tarehe 21 Septemba 1907, katika ukoo wa watengenezaji bia, akasoma fizikia Cambridge. Mwaka 1933 na 1934 alipima mvutano wa ardhi katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki kwa kutumia pendulamu. Alihitimisha kwamba bonde hilo limebanwa kutoka pande mbili. Alikosea, kwani linatanuka.

Utafiti wake juu ya Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 1939, umedumu vizuri zaidi. Leo Krige alikuwa amekusanya vipimo vya joto katika visima virefu, lakini kipimajoto pekee hakitoshi. Ni lazima pia kujua mwamba wenyewe hupitisha joto kwa wepesi gani. Bullard aliupima wepesi huo, akaviunganisha vyote viwili kwa pamoja.

Kwazaiti hupitisha joto vizuri mno. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Witwatersrand joto huongezeka kwa nyuzi 10 hadi 15 tu kila kilomita, ilhali katika mabara kwingineko nyuzi 25 au 30 ni jambo la kawaida. Hata hivyo, katika mgodi wa Mponeng, unaokaribia kina cha kilomita 4, mwamba hupita nyuzi 60.

Mwaka 1940 Francis Birch na Harry Clark wa Harvard walionyesha jambo jingine: mawe mengi, hasa yenye kwazi, hupunguza uwezo huo yanapopashwa moto. Basi anayekadiria joto la kilomita 20 chini kwa kipimo cha jiwe lililopoa hupata jibu la chini kuliko ukweli.

Wakati wa vita Bullard alizikinga meli dhidi ya mabomu ya sumaku, na mwaka 1953 akapewa cheo cha Sir. Baadaye alipima joto la sakafu ya bahari. Mwaka 1965, yeye aliyewahi kutilia shaka kuhama kwa mabara, aliiunganisha Afrika na Amerika ya Kusini kwa kompyuta, pamoja na wenzake wawili.

Alifariki La Jolla, California, tarehe 3 Aprili 1980.