Dvořák: baba aliyezika watoto watatu akasali kwa kalamu



Leo nawaletea mtu ambaye wanakwaya wengi mmesikia jina lake, ila huenda hamjasikia misiba yake. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu. Ni baba wa familia tu, mpiga kinanda wa kanisani, aliyependa sana kuangalia garimoshi na kufuga njiwa. Anaitwa Antonín Dvořák.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1841, siku ambayo Kanisa linaadhimisha kuzaliwa kwa Bikira Maria, katika kijiji cha Nelahozeves, kwenye nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa na bucha na nyumba ya wageni. Kijana akaenda Prague kusomea kinanda, halafu kwa karibu miaka 10 akapiga viola kwenye okestra ya ukumbi wa maonyesho. Mshahara ulikuwa mdogo, hivyo akawa anafundisha watu piano ili mkono uende kinywani. Mwaka 1873 alifunga ndoa na Anna, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Mwaka uliofuata akapata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la Mtakatifu Adalbert, na mwanzoni mwa 1875 serikali ikampa ruzuku ya wasanii. Yaani mambo yalikuwa yameanza kunyooka.

Agosti 1875 wakapata binti, Josefa. Aliishi siku mbili tu.

Miezi sita baadaye, Februari 1876, Dvořák alichukua sala ya zamani ya Kilatini iitwayo Stabat Mater, akaanza kuitungia muziki. Ni utenzi wa karne ya 13 wenye beti 20, unaomtazama Bikira Maria akiwa amesimama chini ya msalaba wa Mwanae. Ndio ule unaohusishwa na sikukuu ya Mama wa Mateso, tarehe 15 Septemba, na ambao kwenye Njia ya Msalaba huimbwa kati ya kituo na kituo. Kufikia Mei alikuwa na rasimu nzima. Lakini hakuimalizia. Akaiweka kando, akaendelea na kazi nyingine zilizomletea mkate.

Kisha ukaja mwaka 1877. Mwezi Agosti, binti yao Růžena, ambaye hajafikisha hata mwaka mmoja, alikunywa kwa bahati mbaya maji yenye fosforasi, ile sumu iliyotumika kutengenezea viberiti, akafariki. Hata mwezi haujaisha, ndui ikamchukua Otakar, mtoto wao wa miaka 3. Alikufa tarehe 8 Septemba, siku ambayo baba yake alikuwa anatimiza miaka 36.

Hebu soma tena taratibu. Watoto watatu, na wote wamezikwa. Antonín na Anna wakabaki wawili ndani ya nyumba.

Nimesoma falsafa miaka mitatu, na tumebishana sana darasani kuhusu swali la kwa nini Mungu mwema anaruhusu mateso. Ni swali la maana, na silidharau. Ila nimegundua kwamba mbele ya mtu aliyefiwa, hoja zangu zote hazina miguu. Katika parokia moja niliyotumwa kwa uchungaji yupo dada wa sauti ya pili aliyempoteza mama yake. Anakuja mazoezini, anakaa mahali pake, anafungua daftari, lakini haimbi. Aliniambia kwamba akipiga magoti kusali, hapati neno hata moja. Pale msibani watu walimwambia asilie, kwani ni mapenzi ya Mungu. Walisema kwa nia njema, lakini walimfungia mlango. Kwa ajili yake na wenzake ndiyo maana naandika.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alishajiuliza kama machozi yanapunguza huzuni, na jibu lake ni ndiyo. Anaeleza kwamba jambo linaloumiza likifungiwa ndani huumiza zaidi, bali likipata njia ya kutoka, roho hupumua. Machozi ni njia mojawapo. Dvořák alikuwa na njia nyingine mkononi, nayo ni kalamu na karatasi ya noti.

Baada ya kumzika Otakar, aliirudia ile rasimu iliyokaa kando zaidi ya mwaka. Akaifanyia kazi mfululizo, akaandika sehemu za okestra yote, na tarehe 13 Novemba 1877 akaimaliza. Miezi miwili na siku chache tu tangu msiba wa mwisho.

Sasa, wanakwaya, sikilizeni alichofanya. Kazi hiyo ina sehemu 10, na huchukua karibu saa moja na nusu. Sehemu ya kwanza pekee ni kama dakika 20, na ndani yake anatumia beti nne tu. Anazirudia na kuzirudia. Muziki unapanda polepole, unafika juu, unavunjika, unaanza tena. Aliyewahi kufiwa anajua: huzuni haiendi mbele kama hotuba, inazunguka. Na Kanisa linaijua sala ya namna hiyo. Rozari yetu nayo ni kurudiarudia, tukiwa tumeshikwa mkono na Mama.

Kwenye sehemu ya mwisho, ule muziki wa mwanzo unarudi. Huzuni haijafutwa, bado ni ileile. Ila safari hii inafunguka kwenye mwanga, kwaya nzima inaimba Amina kwa nguvu, halafu kazi inafungwa kwa utulivu. Kwangu mimi hiyo ndiyo Pasaka: Bwana alifufuka akiwa bado na alama za misumari.

Kazi hiyo iliimbwa Prague kwa mara ya kwanza Desemba 1880. Mwaka 1884 Dvořák mwenyewe aliiongoza London, mbele yake wakiwa waimbaji zaidi ya 800. Mungu aliwajalia yeye na Anna watoto wengine sita. Lakini tusiseme kwamba sita walifidia watatu. Mtoto hafidiwi.

Wala huo haukuwa mwisho wa majonzi. Machi 1894, akiwa mbali kabisa huko New York alikokuwa mkuu wa chuo cha muziki, na baba yake mzee akiwa mgonjwa nyumbani, alichukua tena maneno ya sala, safari hii Zaburi, akazitungia nyimbo 10 za sauti moja na piano. Siku mbili baada ya kuzimaliza, baba yake akafariki. Yeye mwenyewe aliitwa na Bwana tarehe 1 Mei 1904. Kwenye kazi zake nyingi, alipofika ukurasa wa mwisho aliandika neno la kumshukuru Mungu.

Ndugu yangu uliyefiwa, ninalojifunza kwake ni hili: maneno yako yakiisha, azima ya Kanisa, kisha weka ndani yake kile mkono wako unachoweza. Kama unaandika, chukua Zaburi moja na uiandike upya, ukitaja jina la marehemu wako. Kama unachora, chora. Kama unashona, shona huku unasali kumi moja la Rozari. Ukiona huwezi kumaliza, weka kando kama yeye alivyoweka. Mungu hana haraka na rasimu yako. Na kama huna nguvu hata ya kuanza, basi simama tu karibu na Maria. Chini ya msalaba hata yeye hakuhubiri. Alisimama.

Tuwaombee marehemu wetu wote: raha ya milele uwape, ee Bwana.

Bikira Maria Mama wa Mateso, utuombee.