Gandhi na Bei ya Nguo

Lugha yetu ina haki kumtenga mkabidhi na bahili, kwani wawili hao hufanana mfukoni tu. Ninapowafafanulia wanafunzi wangu tofauti hiyo ya maana, mfano wangu huwa Mohandas Gandhi, yule ambaye sanamu yake imesimama katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Waama, hakuzaliwa mkabidhi wa mavazi. Alipofika London mwaka wa 1888 kusomea sheria, kijana huyu wa Gujarat alinunua kofia ndefu kwa shilingi 19, akashonewa suti ya jioni ya pauni 10 katika Bond Street, na kila siku akapoteza dakika 10 mbele ya kioo akinyoosha tai na nywele. Ajabu ni kwamba hata wakati huo alikuwa akiandika daftarini kila peni aliyoitumia. Nadhani daftari hilo ndilo lililomponya.

Baadaye, akiwa wakili Afrika Kusini, ankara ya dobi ilimkera, akanunua kitabu cha udobi na kufua mwenyewe. Kola yake ya kwanza ilidondosha wanga mahakamani, mawakili wenzake wakaangua kicheko. Hakujali.

Lakini ukabidhi wa mtu mmoja ni jambo jepesi. Mtihani ulikuja mwaka wa 1921, alipowahimiza Wahindi wasusie nguo za kigeni na kuvaa khadi, kitambaa kinachosokotwa na kufumwa kwa mkono. Kumbe khadi ilikuwa ghali kuliko nguo za viwandani! Maskini walilalama kwamba hawaimudu, na mimi naona walikuwa na haki. Gandhi hakuweza kupunguza bei, akapunguza nguo. Mwezi wa Septemba, mjini Madurai, alivua shati na kofia akabaki na winda, ili asiyemudu vazi kamili atosheke na kipande bila kuona haya. Alikusudia iwe kwa majuma machache tu. Ikawa hadi kifo chake mwaka wa 1948.

Kwa vazi hilohilo alizuru Lancashire mwaka wa 1931, ambako wafumaji wengi walikuwa wamepoteza kazi, kwa kiasi fulani kutokana na ususiaji wake. Aliwaeleza uso kwa uso ufukara wa vijiji vya India, nao, wasio na kazi, wakampokea kwa shangwe.