Sheikh Farsy: Mwalimu wa watoto aliyekuwa Kadhi Mkuu

Mwalimu wa somo la dini ya Kiislamu katika shule ya msingi mjini Nakuru hukabili watoto wa namna nyingi darasani. Yupo aliyekwisha kuhifadhi juzuu kadhaa madrasani, na yupo ambaye bado hazitambui herufi za Kiarabu. Mmoja huzungumza Kisomali nyumbani, mwingine Kinubi, mwingine Kikuyu. Lugha inayowakutanisha ni Kiswahili.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwalimu huyo amfundishe kila mtoto kwa kadiri ya uwezo wake. Wengi wameliona jambo hilo kuwa jipya. Marehemu Sheikh Abdullah Saleh Farsy asingeliona hivyo.

Sheikh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Kabla ya kupata umaarufu wa ukadhi alikuwa mwalimu wa shule za msingi katika miaka ya 1930 na 1940, kisha akawa mkaguzi wa masomo ya dini Unguja na Pemba. Kazi ya ukaguzi ina faida moja ambayo husahauliwa: mkaguzi huketi nyuma ya darasa, akawaona wale wanaoachwa.

Huenda ndiyo sababu hakuridhika na kitabu kimoja kwa watu wote. Mwaka 1942 alitoa Maisha ya Nabii Muhammad kwa Kiswahili chepesi. Aliandika vijitabu vifupi juu ya sala na saumu, ambavyo asiyejua Kiarabu aliweza kuvifuata hatua kwa hatua. Waliotaka zaidi aliwaandalia tafsiri ya Kurani yenye maelezo marefu. Ilitoka kwanza kwa sehemu, kisha ikakamilika mwaka 1969 kwa jina la Qurani Takatifu, ikachapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi.

Tafsiri hiyo ilikuwa pia jibu. Kasisi Godfrey Dale alikuwa ametoa yake mwaka 1923, nayo jumuiya ya Ahmadiyya ikatoa yake mwaka 1953. Sheikh Farsy aliona hatari kwamba msomaji wa bara, ambaye hakuwa na mwanachuoni wa kumuuliza jirani, angezitegemea hizo pekee.

Alihamia Kenya baada ya kuwa Kadhi wa Zanzibar, na mwaka 1968 akashika cheo cha Kadhi Mkuu. Hakupendwa na wote. Mashambulizi yake dhidi ya bidaa yaliwaudhi masheikh wengi wa pwani waliozishikilia desturi za wazee wao, na mjadala huo ulikuwa mkali kuliko inavyokumbukwa leo.

Vijitabu vyake, hata hivyo, havikuuliza msomaji yuko upande gani, bali anajua nini na hajui nini.

Sheikh Farsy alifariki Muscat, Oman, mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 70.