Ælfric wa Eynsham: mmonaki aliyeandika sarufi kwa ajili ya watoto

Ælfric alipokuwa kijana, mmoja wa waliomfundisha alikuwa padre aliyejua Kilatini kidogo tu. Padre huyo alikuwa na kitabu cha Mwanzo na aliweza kukisoma kiasi, akawa anaeleza kwamba Yakobo alikuwa na wake wanne, yaani dada wawili na wajakazi wao wawili. Ndivyo ilivyoandikwa, hakusema uongo. Ila hakuelewa tofauti iliyopo kati ya Sheria ya Kale na Agano Jipya, na mwanafunzi wake wakati ule hakuielewa pia. Miaka mingi baadaye Ælfric alikisimulia kisa hicho bila kumtaja mwalimu wake kwa jina. Hofu yake ilikuwa kwamba mtu mwenye elimu nusu akisoma Maandiko anaweza kudhani anaruhusiwa kuishi kama mababu wa kale walivyoishi.

Alizaliwa Uingereza mnamo mwaka 955. Bahati yake ilikuwa kupelekwa Winchester, katika monasteri iliyokuwa chini ya Askofu Æthelwold, mtu mkali kidogo lakini mwalimu hodari, aliyefufua utawa wa Mtakatifu Benedikto pamoja na Askofu Mkuu Dunstan. Kabla ya hao wawili, aliandika Ælfric, mapadre wa Kiingereza hawakuweza kutunga barua kwa Kilatini wala kuielewa sawasawa. Neno hilo alilisema kama onyo. Alijua kwamba elimu iliyopotea mara moja inaweza kupotea tena.

Na nyakati zilikuwa mbaya. Mwaka 987 hivi alitumwa Cerne, katika jimbo la Dorset, kufundisha katika monasteri iliyojengwa na bwana mkubwa aliyeitwa Æthelmær. Mwaka 991 Waviking waliwashinda Waingereza huko Maldon, na kwa ushauri wa Askofu Mkuu Sigeric wakalipwa paundi 10,000 ili waondoke. Waliondoka, kisha wakarudi. Katika miaka hiyohiyo Ælfric alikuwa Cerne akiandika mahubiri kwa Kiingereza, mafungu mawili ya mahubiri 40 kila moja, na akayatuma kwa Sigeric huyohuyo ayakague.

Baada ya mahubiri ndipo akaandika sarufi. Ni sarufi ya Kilatini, lakini maelezo yake ni ya Kiingereza, na ndiyo ya kwanza tunayoijua kuandikwa hivyo katika lugha ya wenyeji Ulaya. Aliiandikia watoto wadogo, si wasomi, na alisema wazi kwamba alitaka wapate lugha zote mbili pamoja. Alijua pia kwamba wapo watakaomlaumu kwa kupoteza muda wake kwenye jambo dogo kama hilo. Kwake sarufi ilikuwa ufunguo wa kufungulia maana ya vitabu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta maneno. Kiingereza hakikuwa na istilahi za sarufi, kwa hiyo alizitengeneza kwa kufuata maana ya zile za Kilatini. Nomino aliiita jina tu. Kielezi alikiita mwenzi wa kitenzi, kwa sababu kinatembea nacho. Kiwakilishi alikiita kinachoshika nafasi ya jina, na hapo msomaji wa Kiswahili anatabasamu, maana waliotuundia neno kiwakilishi walipita njia ileile. Istilahi zake nyingi hazikudumu. Waingereza baadaye walirudi kwenye maneno ya Kilatini, nami naona walipata hasara, kwani mtoto anayesikia mwenzi wa kitenzi ameshaelewa nusu ya somo.

Lakini jambo lake zito zaidi kuhusu lugha halimo katika sarufi hiyo. Limo katika utangulizi wa tafsiri yake ya kitabu cha Mwanzo, aliyoifanya kwa kuombwa na Æthelweard, baba yake Æthelmær. Anaeleza pale kwamba Kilatini na Kiingereza havipangi maneno kwa namna moja, na kwamba anayetafsiri lazima akiache Kiingereza kifuate desturi yake, la sivyo asiyejua Kilatini atapotea. Kiingereza cha siku zake kilikuwa na miisho ya maneno iliyoonyesha nani ametenda na nani ametendwa, karibu kama Kilatini chenyewe, hivyo kishawishi cha kufuata neno kwa neno kilikuwa kikubwa. Aliona kwamba miisho kufanana hakutoshi. Sentensi nzima ina mpangilio wake. Sisi nasi tumesikia mahubiri ambayo maneno yake ni ya Kiswahili na mpangilio ni wa Kiingereza.

Wakati huohuo hakutaka kupoteza hata kiambishi kimoja chenye maana. Anapofika pale Mungu anapoazimia kumuumba mtu, anasimama kwenye sarufi: kitenzi kiko katika wingi, lakini neno la mfano au sura liko katika umoja. Katika wingi anaona Utatu Mtakatifu, na katika umoja anaona Mungu mmoja. Padre yule wa utotoni asingeweza kuliona hilo.

Ili wanafunzi wazoee kuongea, aliwatungia mazungumzo ya Kilatini. Mvulana mmoja anakuwa mkulima, mwingine mvuvi, mwingine mwindaji, mpishi, mfanyabiashara. Mkulima analalamika kwamba anatoka alfajiri hata baridi ikiwa kali, kwa kuwa yeye si mtu huru. Mvuvi anakataa kabisa kumwinda nyangumi, maana anapendelea samaki anayeweza kumuua kuliko yule anayeweza kumzamisha.

Mwaka 1005 Æthelmær alianzisha monasteri Eynsham, karibu na Oxford, na Ælfric akawa abati wake. Alifariki huko mnamo mwaka 1010, miaka michache kabla ya mfalme wa Denmark kuiteka Uingereza.

Mwaka 1066 Wanormani waliingia, na Kiingereza kikaanza kubadilika upesi. Miisho mingi ilipotea, na nafasi ya neno katika sentensi ikabeba kazi iliyofanywa na miisho. Hata hivyo sarufi yake iliendelea kunakiliwa. Katika karne ya 13 mwandishi mmoja huko Worcester, ambaye mkono wake ulikuwa ukitetemeka, aliinakili tena. Mwaka 1659 William Somner aliichapisha huko Oxford pamoja na kamusi yake. Wasomaji wake wa wakati huo walikuwa wanakijua Kilatini vizuri na hawakijui tena Kiingereza cha kale, basi kitabu alichowaandikia watoto wajifunze Kilatini, wakakitumia kujifunza Kiingereza chake.