Mwalimu wa Walimu

Virginia Randolph alizaliwa katika jimbo la Virginia, Marekani, na wazazi waliowahi kuwa watumwa. Katika miaka ya 1890 alikabidhiwa shule ya chumba kimoja iliyoitwa Mountain Road, wilayani Henrico. Wakati huo shule za watoto weusi zilipewa fedha kidogo sana. Virginia alichukua sehemu ya mshahara wake mdogo, akanunua chokaa ya kuta na kokoto za kufunika matope ya uani.

Pamoja na kusoma na kuandika, alifundisha kushona, kupika na kulima bustani. Baadhi ya wazazi hawakupendezwa. Walitaka watoto wao wapate elimu ya vitabu, si kazi za mikono, wakataka aondolewe. Virginia hakukata tamaa. Aliwatembelea majumbani, akawaita shuleni waone kazi za watoto wao. Polepole waliompinga wakawa wasaidizi wake.

Mwaka 1907 Anna Jeanes wa Philadelphia alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi. Mwaka uliofuata Virginia alichaguliwa kuwa mwalimu wa kwanza wa mpango huo, naye akakabidhiwa shule zaidi ya 20. Alizunguka shule moja baada ya nyingine, akiwaelekeza walimu na kuwahimiza wazazi kutengeneza majengo. Mwaka huohuo wa 1908, yeye na wanafunzi wake walipanda miti 12, wakaipa majina ya wanafunzi wa Yesu.

Njia yake ilienea kusini mwa Marekani, kisha ikavuka bahari. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete, Kenya, ili kuwaandaa walimu wa kuzisaidia shule za vijijini. Virginia alistaafu mwaka 1949, akafariki mwaka 1958. Aliyeanza na chumba kimoja aliwafikia watoto wengi asiowaona kamwe, kwa sababu alikubali kumwinua mwalimu mwenzake.

Kwa kujadiliana: Soma 2 Timotheo 2:2. Ni shule ipi iliyo karibu nanyi ambayo mwalimu wake analemewa peke yake? Kikundi chenu kinaweza kumsaidia kwa jambo gani kabla ya robo hii kwisha?