Carl Friedrich Gauss na Sayari Iliyopotea

Katika orodha ya sayari ndogo zinazolizunguka jua, ambazo nyingi hupita kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshitarii, yamo majina ambayo mtoto wa darasa la tano angeyatambua bila kuambiwa. Tanga ni sayari ndogo nambari 1595, Ruvuma ni nambari 1427, na Pemba ni nambari 1429. Ya kwanza ilionekana mwaka 1930, na hizo mbili mwaka 1937, zote kutoka Johannesburg, Afrika ya Kusini. Lakini nambari haitolewi kwa kuonekana tu. Hapana budi kwanza njia ya sayari ikokotolewe, hata ijulikane itakuwa wapi mwaka ujao na miaka kumi ijayo. Aliyeonyesha kwamba kazi hiyo yawezekana hata kwa vipimo vichache ni Carl Friedrich Gauss, na habari za maisha yake, hasa za utotoni, zamfaa mwalimu wa shule ya msingi pengine kuliko zinavyomfaa mwanafalaki.

Gauss alizaliwa katika mji wa Braunschweig, Ujerumani, katika nyumba ya watu wa kipato kidogo. Baba yake alifanya kazi za mkono, mara uashi, mara bustani. Mama yake hakujua kuandika, na tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe haikuwekwa popote nyumbani. Alichokumbuka ni kwamba ilikuwa Jumatano, siku nane kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana, mwaka 1777. Alipokuwa mtu mzima, Gauss alitunga kanuni ya kukokotoa tarehe ya Pasaka ya mwaka wowote. Pasaka ya mwaka 1777 iliangukia tarehe 30 Machi. Kupaa huja siku 39 baadaye, yaani tarehe 8 Mei. Toa siku nane, utapata 30 Aprili. Wako watoto wengi katika madarasa yetu ambao mama zao huhesabu kuzaliwa kwao kwa masika, kwa mavuno au kwa sikukuu, na hesabu ya namna hii huwavutia kuliko nyingi zilizomo vitabuni.

Alianza shule mwaka 1784. Chumba cha darasa kilikuwa na dari ya chini na sakafu isiyo sawa, na watoto waliokaa humo walikaribia mia moja. Mwalimu wao, Büttner, alitembea kati yao na kiboko mkononi, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Gauss alipoingia katika darasa la hesabu akiwa na umri wa miaka tisa hivi, Büttner aliwapa wanafunzi mfululizo mrefu wa namba wazijumlishe. Kabla wenzake hawajaanza vizuri, mtoto huyu aliweka kibao chake mezani, akakaa kimya. Juu ya kibao palikuwa na namba moja tu, na ilikuwa ndiyo jibu.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwamba namba zilikuwa 1 hadi 100. Ukweli ni kwamba rafiki yake aliyekiandika mwaka 1856, baada ya kukisikia kwa Gauss mwenyewe uzeeni, hakutaja ni namba zipi. Hizo zimetiwa na wasimuliaji wa baadaye. Hata hivyo zafaa sana kwa kufundishia. Unganisha 1 na 100, kisha 2 na 99, kisha 3 na 98: kila jozi ni 101, na jozi ni 50, basi jumla ni 5050. Mwalimu aanze na vizibo vya soda kumi, avipange katika safu, watoto waone jozi kwa macho yao kabla ya kuona kanuni ubaoni.

Jambo linalosahauliwa ni alilofanya Büttner. Mwalimu mwenye watoto mia moja na kiboko mkononi angeweza kumchapa mtoto huyo kwa ujeuri wa kumaliza mapema. Badala yake alikagua jibu, kisha akaagiza kutoka Hamburg kitabu cha hesabu kilicho bora kuliko vile vya darasani. Tena alikuwa na msaidizi kijana, Martin Bartels, aliyemzidi Gauss miaka minane tu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachongea watoto kalamu za manyoya na kuwasaidia wanaoanza kuandika. Bartels alikaa na mtoto huyo, wakasoma vitabu pamoja. Ninyi mnaokwenda katika mazoezi ya kufundisha mko katika nafasi ya Bartels: si wenye darasa, lakini ndio wenye nafasi ya kukaa karibu na mtoto mmoja. Bartels mwenyewe hatimaye alikuwa profesa huko Kazan, Urusi, akamfundisha Lobachevsky, mwanahisabati mwingine mashuhuri.

Habari zikamfikia Mtawala wa Braunschweig, naye tangu mwaka 1791 akamlipia Gauss masomo. Mwaka 1795 akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1799 akapata shahada ya udaktari.

Tarehe 1 Januari 1801 padri Giuseppe Piazzi, akiwa Palermo katika kisiwa cha Sisilia, aliona nukta ya mwanga ambayo haikuwamo katika orodha ya nyota zake. Siku zilizofuata iliendelea kusogea. Aliifuata hadi tarehe 11 Februari, akaugua, na baadaye ile nukta ikazama katika mwanga wa jua. Akaiita Ceres. Ingetokea tena upande wa pili wa jua baada ya miezi kadhaa, lakini wapi? Safari yote iliyopimwa angani ilikuwa digrii tatu hivi. Waliojaribu kukokotoa walipata majibu yaliyopishana, na wenye darubini hawakuona kitu.

Ili kuona ugumu wenyewe, tuchukue mfano wa kwetu. Mtoto wa Nkome, Geita, akisimama usiku kando ya Ziwa Viktoria huona taa za wavuvi wa dagaa. Anaweza kuinyoshea kidole taa moja, lakini hajui kama ni ndogo iliyo karibu au kubwa iliyo mbali. Ikisogea, hajui kama mtumbwi umekatiza au umekaribia. Sasa tumpandishe mtoto huyo katika mtumbwi unaokwenda, afanye kazi ileile: huyo ndiye mwanafalaki, kwa kuwa dunia yetu nayo inasafiri. Kila kipimo humpa namba mbili tu, za upande na za kimo, umbali hapati. Na njia ya sayari huhitaji namba sita ili ijulikane ukubwa wake, umbo lake, jinsi ilivyoinama na kugeuka, na mahali sayari ilipo kwa wakati fulani.

Vipimo vitatu, basi, huleta namba sita, na kwa kuhesabu tu vingetosha. Gauss, kijana wa miaka 24, hakuanza kwa kudai kwamba njia ni duara. Alishika sheria za Kepler pekee: njia ni duaradufu, na jua liko katika kitovu chake kimoja. Alikisia umbali, akakokotoa, akalinganisha na vipimo vya Piazzi, akasahihisha, akarudia hadi namba zilipotulia. Mahali alipopataja palikuwa mbali kwa digrii kadhaa na walipopataja wengine. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1801 von Zach aliiona Ceres huko, na Olbers, daktari wa Bremen, akaiona baada yake. Tofauti na hesabu ya Gauss ilikuwa kama nusu digrii, ambayo ni upana wa mwezi mpevu.

Mwaka 1807 aliwekwa kuwa mkuu wa kituo cha falaki cha Göttingen, na mwaka 1809 akachapisha njia yake yote kwa Kilatini. Humo aliweka pia namna ya kupatanisha vipimo visivyolingana, ili jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kabisa. Legendre, Mfaransa, alikwisha kuichapisha mwaka 1805, na Gauss aliposema ameitumia tangu 1795 pakazuka ugomvi. Mwaka huohuo wa 1809 mkewe Johanna alifariki baada ya kujifungua.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyeinuliwa na walimu hakupenda kufundisha. Aliona wachache tu huja wakiwa tayari. Mama yake aliishi naye Göttingen miaka 22 ya mwisho, akafariki mwaka 1839. Gauss alifariki tarehe 23 Februari 1855. Sayari ndogo nambari 1001, iliyoonekana mwaka 1923, yaitwa Gaussia.